BAISKELI KWENYE MATAA YA BUGURUNI

Ndugu wanachama,

Kikaoni wapo waliotaka baiskeli zipigwe marufuku mataani saa za asubuhi. Uongozi wa tawi hatuungi mkono. Wabeba mkaa, mikate na kuku wapite wapi?

Tazara wana daraja la juu tangu 2018, Ubungo tangu 2021. Sisi wa katikati tunategemea taa. Lori la bandarini likikata kushoto, dereva kakaa kulia, baiskeli iliyo ubavuni haioni. Basi wazuiwe wenye malori kukata kushoto asubuhi, na mstari wao wa kusimama urudishwe nyuma, baiskeli zikae mbele zionekane. Rangi tu hiyo, gharama yake ndogo!

Barua inakwenda kwa diwani Jumatatu. Mwenye hoja tofauti aje ofisini Jumapili saa 10 jioni.

Katibu wa Tawi