Friza Imejaa, Sufuria ya Jirani Tupu



Ndugu zetu katika imani, wazazi na wanafunzi, leo tunazungumzia viporo. Huenda wengine watacheka: ustadhi ana nini na sufuria ya jana? Tunalo la kusema, maana tulikosea sisi wenyewe.

Idi moja ya kuchinja hapa Lurujo tulitoa fungu dogo la sadaka, nyama iliyobaki tukaijaza kwenye friza ili itufikishe mwisho wa mwezi. Umeme ukakatika, ukarudi baada ya siku nne. Tulichimba shimo tukaifukia nyama yote. Mtoto wetu akauliza: "Kwa nini hatukumpa mama wa jirani kabla haijaoza?" Tulikosa jibu.

Kuweka akiba ya chakula si dhambi. Katika Hadithi walizopokea Bukhari na Muslim, mwaka mmoja Mtume (S.A.W.) alikataza nyama ya udh-hiya kuwekwa zaidi ya siku tatu, kwa sababu watu wahitaji walikuwa wameingia Madina. Baadaye akaruhusu watu wale, watoe na waweke. Tuzingatie: nyama ni ile ile, kilichobadilika ni hali ya wahitaji.

Na hapa kwetu je? Wilaya ya Koboko ina makazi ya Lobule yenye wakimbizi kutoka Kongo, na ndugu wa Sudan Kusini tunaishi nao. Mwaka 2023 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipunguza mgao wa wakimbizi wengi nchini Uganda. Basi, kabla ya kufunga mlango wa friza, tujiulize jirani amekula nini.

Tukishatoa, kiporo kikitunzwa vizuri ni neema. Mkaa ni ghali. Maharage ya siku tatu yakichemshwa mara moja, mkaa unapungua, na mama anapata nafasi ya kusikiliza watoto wakisoma Juzuu Amma. Wanafunzi mliopanga vyumba Arua, pikeni kwa zamu na mgawane. Posho iliyolala hukatwa vipande ikakaangwa asubuhi.

Lakini tuwe waangalifu. Chakula kigawiwe katika vyombo vidogo na kiingie kwenye baridi kabla muda wa saa mbili haujapita tangu kiive. Wali usilale nje usiku kucha: una vijidudu visivyokufa kwa kuchemshwa, na sumu yake haiondoki hata ukiupasha moto. Kiporo kipashwe mara moja tu, kichemke kweli.

Umeme ukikatika, msifungue friza ovyo. Iliyojaa hushika baridi kama siku mbili, iliyo nusu kama siku moja. Msingoje iharibike kama tulivyongoja sisi. Muda huo ukikaribia kwisha, pikeni yote na muwaite majirani. Wasio na friza wasijione wanyonge: wazee wetu walikausha nyama, samaki na bamia juani, wakala hadi msimu mwingine.

Allah (S.W.) ametukataza israfu. Kuchelewesha haki ya jirani mpaka ioze ni israfu pia, hata kama tumeiita akiba.

Wabillahi tawfiq.