Kazi ya Masikio

Ewe kijana utazamiaye kwenda kujifunza kazi katika idara ya uhusiano mwema, nayajua mawazo yako. Wajiona umevaa suti, umeshika kipaza sauti, na waandishi wa habari wamekuzunguka wakingoja neno lako. Lakini siku ya kwanza utapewa rundo la magazeti, utie alama kila palipotajwa ofisi yako, kisha usome yasemwayo mitandaoni. Siku ya pili utaandika daftarini barua za malalamiko, na simu haitakoma kulia. Utanung'unika kuwa hukusomea ukarani.

Manung'uniko hayo siyakubali. Aliyekupoteza ni yule aliyekuambia kuwa kazi hii ni ya kinywa. Utasemaje na watu usiojua wamekasirishwa na nini? Barua ya mama aliyekatiwa maji na kampuni ya kaunti, bila ya taarifa, ina elimu isiyopatikana katika karamu yoyote. Wala kumjibu si hisani: kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kimempa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali. Daftari ulidharaulilo ndilo mlango wa haki hiyo.

Lawama moja, hata hivyo, nakuachia. Ukikaa miezi mitatu ukichemsha chai, wala usionyeshwe hata jawabu moja linavyoandikwa, hapo hupewi mafunzo. U mtumishi usiye na mshahara. Mwendee mkuu wako, kwa adabu, ukamwulize barua zile hujibiwa na nani.