Mhadhiri wa mtandaoni hahitaji semina nyingine

Semina ya siku moja haijamfunza mtu kupanga yuniti ya mtandaoni. Nasema hivyo nikiwa mhadhiri wa muda wa takwimu. Darasa langu la jioni ni meza ya kulia hapa nyumbani Mtopanga, na semina hizo nimezihudhuria. Ukumbi una kiyoyozi, chai inakuja na sambusa (sambusa huwa nzuri, sikatai), kisha kijana wa kompyuta anatuonyesha pa kubonyeza ili faili ipande kwenye Moodle. Jioni tunapewa vyeti. Unarudi nyumbani na rundo la slaidi ulizozitengeneza kwa ajili ya ubao na sauti yako, na hakuna wa kukwambia kwamba askari wa zamu ya usiku katika hoteli ya Shanzu, anayesoma kwa simu ya kioo kilichopasuka, hawezi kuzifuata.

Nilichojifunza kuhusu kupanga yuniti ya mtandaoni nilikipata kwa mwenzangu mmoja aliyeisomea kazi hiyo. Alikaa nami mchana mmoja kwenye mada moja tu, wastani. Aliniuliza: mwanafunzi akimaliza wiki hii, ataweza kufanya nini ambacho Jumatatu hakukiweza? Nikababaika. Tulipopata jibu, nusu ya slaidi zilitupwa. Mhadhara wa video wa saa mbili, uliokuwa ukimaliza bando la mtu, tukaukata ukawa sauti fupi fupi, na kila moja ikafuatwa na zoezi. Mfano wa kiwanda cha Ulaya tukauondoa, tukaweka bei za kreti la nyanya sokoni Kongowea. Majibu ya mazoezi yakabadilika. Wanafunzi wakaanza kubishana kwenye jukwaa la darasa kwa nini bei ya siku moja imevuta wastani wote juu.

Tatizo ni kwamba mwenzangu huyo ni mmoja, na wahadhiri tuko mamia. Hata angekuwa na siku ya saa arobaini asingetufikia.

Na si kwamba elimu ya masafa ni ngeni kwetu. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kufundisha shahada ya ualimu kwa njia hiyo mwaka 1986, Tanzania ikaunda Chuo Kikuu Huria mwaka 1992, na hapa Kenya Chuo Kikuu Huria kilipewa hati yake Agosti 2023. Katikati ikaja Machi 2020, vyuo vikafungwa, kila mmoja wetu akasukumwa mtandaoni na alichokuwa nacho. Lakini Chuo Kikuu Huria cha Uingereza, kilichoanzishwa mwaka 1969, tangu mwanzo kozi zake ziliandaliwa na timu: wataalamu wa somo, wahariri, watayarishaji wa vipindi wa BBC. Kwetu mtu mmoja ndiye hao wote, naye hulipwa kwa saa za kufundisha tu.

Kuajiri wataalamu kama mwenzangu kwa kila idara hatuwezi, tusidanganyane. Ila tunaweza kuanza na zile yuniti zinazosomwa na kila anayeingia mwaka wa kwanza: stadi za mawasiliano, UKIMWI, ujasiriamali. Mada zilezile zinatungwa upya katika vyuo vya Tudor, Kilifi na Nairobi, kila mtu peke yake usiku. Zitengenezwe mara moja, na timu, vizuri, kisha vyuo vigawane. Mradi wa PEBL, ulioanza mwaka 2017 ukihusisha vyuo vya Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda, umeonyesha kwamba kozi zinaweza kutengenezwa kwa pamoja na kuvuka mipaka. Halafu huyo mtaalamu mmoja abaki na yuniti zisizofanana, kama yangu, na kila kitivo kimpunguzie mzigo mhadhiri mmoja anayeijua kazi ili akae na wenzake.

Najua wahadhiri wenzangu wanaogopa nini. Yuniti ikishakamilika na kuwekwa mtandaoni, chuo kitamhitaji nani? Hofu hiyo ina msingi, na haiondolewi kwa kuambiwa tupende mabadiliko. Iandikwe kwenye mkataba kwamba aliyeitunga ndiye wa kwanza kupewa kuifundisha, na kwamba kuihuisha kila mwaka ni kazi yenye malipo.

Na mkataba wenyewe uje mapema. Wangu huniangukia darasa likiwa limeshaanza wiki mbili au tatu, wakati maswali ya wanafunzi yamejaa WhatsApp na mtihani wa kwanza uko mlangoni. Hata mwenzangu yule akipata nafasi siku hiyo, hatuna tena cha kupanga. Atanisaidia kupandisha faili. Vyuo vitupe mikataba angalau mwezi mmoja kabla ya muhula, na saa za maandalizi ziandikwe humo pamoja na bei yake.