Nuru Inayomfichua Adui Mdogo

Wavuvi wetu wa Kalemie huenda ziwani usiku wa giza, wakawasha taa ili dagaa wakusanyike penye nuru. Waganga nao humtafuta adui wao gizani kwa msaada wa nuru. Tuone ni kwa namna gani.

Adui huyo ni kijidudu cha kifua kikuu, ambacho Robert Koch alitangaza kukigundua mwaka 1882. Vikipangwa mstari mmoja, vijidudu kama 300 ndivyo vitimizavyo milimita moja. Makohozi ya mgonjwa hupakwa juu ya kioo, hutiwa rangi iitwayo auramini, kisha huoshwa kwa asidi. Rangi hutoka kwingine kote, bali katika ngozi ya kijidudu, iliyo kama nta, hung'ang'ania. Kikimulikwa kwa nuru ya buluu, kijidudu hung'aa manjano kama kimulimuli. Mwaka 2011 Shirika la Afya Ulimwenguni lilishauri hadubini za namna hii zenye taa za LED, kwani hugundua wagonjwa wengi kuliko zile za kawaida, na kwa muda mfupi zaidi.

Wataalamu hawakukomea hapo. Kwa vitu vya asili ya kaboni hutengeneza punje zing'aazo, ambazo hupimwa kwa nanomita, yaani sehemu moja ya milioni ya milimita. Punje moja yaweza kukusanya chembe nyingi za rangi, ikang'aa kupita chembe moja peke yake, tena ikaingia ndani ya seli iliyo hai. Hutumainiwa kwamba zitamwonyesha mpasuaji mahali kansa inapoishia. Lakini nyingi zingali katika utafiti.

Basi, nuru hiyo yatufaa nini ikiwa mgonjwa amefichwa nyumbani? Kongo ni miongoni mwa nchi 30 zinazolemewa zaidi na kifua kikuu. Hata hivyo wako wanaosema, "Amerogwa," na huku watoto wanalala chumba kimoja na mwenye kukohoa. Enyi wazazi, kikohozi kikidumu majuma mawili, nendeni hospitalini mkapimwe. Nanyi wanafunzi, waelezeni wazee kwa adabu. Kifua kikuu hupona. Dawa, ambazo kwa kawaida humezwa miezi sita, zisikatizwe hata mgonjwa akijisikia mzima. Aibu si kuugua. Aibu ni kuficha.