Kidonge cha Jumamosi

"Baba, hii dawa haitaki pombe."

"Sawa, daktari."

Mara nyingi mazungumzo huishia hapo, na kila upande huondoka umeridhika. Mhudumu ametoa onyo, mgonjwa ameonyesha adabu. Jumamosi kuna mahari kijiji cha pili, rubisi, ile pombe ya ndizi, imeshaiva, na yule baba anapiga hesabu yake kimyakimya: dawa haitaki pombe, basi leo simezi dawa.

Hesabu hiyo ndiyo ningependa izungumzwe wilayani Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera. Kama pombe na dawa za sonona vinapatana ni swali lenye jibu: havipatani. Lakini onyo likishatolewa, kinachoachwa aghalabu ni kidonge, na pombe inabaki palepale.

Fluoksetini na amitriptilini, dawa mbili za sonona, zote zimo katika orodha ya taifa ya dawa muhimu, na mtu anayeruka kidonge anapaswa kujua ameruka kipi. Fluoksetini hutoka mwilini polepole mno. Masalia yake hukaa wiki kadhaa baada ya kidonge cha mwisho, kwa hiyo aliyeiacha Jumamosi asubuhi bado anayo Jumamosi jioni, kibuyu kikiwa mkononi. Hajaikwepa. Akirudia mchezo huo kila penye sherehe, na Ngara wakati wa mavuno ya kahawa sherehe haziishi, anaipunguza dawa isifikie kiwango cha kumsaidia. Dawa hizi huhitaji wiki mbili hadi sita za kumezwa bila kukosa kabla nafuu haijaonekana. Mwishowe atasema dawa za hospitali hazifanyi kazi, na kwa upande wake atakuwa anasema kweli.

Amitriptilini ni habari nyingine, na hapa sina ulegevu wowote. Ni dawa ya zamani, ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1961. Inalewesha kwa usingizi, na ikizidi inavuruga mapigo ya moyo. Ukiongezea pombe, usingizi unakuwa mzito kupita kiasi na pumzi inafifia. Dereva wa bodaboda aliyemeza kidonge usiku na kunywa bia mbili bado ni hatari asubuhi yake, na ile barabara ya Lusahunga hadi Rusumo, pamoja na malori yake ya Rwanda na Burundi, haimsubiri mtu azinduke. Kuna jambo la kuudhi zaidi: wengi wanaomeza amitriptilini hawajui kwamba ni dawa ya sonona. Mzee mwenye kisukari amepewa kwa ajili ya miguu inayowaka moto, mama amepewa kwa kipandauso. Wameambiwa ni ya maumivu au ya usingizi. Na mtu akiamini ni ya usingizi tu, kidonge na glasi ya gongo vinaonekana kwake kuwa ndugu wanaofanya kazi moja.

Pombe nayo hulaza mtu upesi, kisha humwamsha saa tisa usiku, kichwa kimejaa mawazo yaleyale aliyoyakimbia. Ndiyo maana wapo wanywaji ambao sonona yao hupungua yenyewe wakikaa wiki mbili hadi nne bila pombe, hata kabla ya kidonge chochote. Daktari asiyeuliza habari za pombe anaweza kutibu kivuli.

Kuuliza ndiko kugumu. Bia ya chupa imeandikwa nguvu yake. Rubisi haijaandikwa. Inategemea ndizi, unga wa mtama uliotiwa, na siku ilizolala, kwa hiyo "vikombe viwili" vya nyumba moja si vya nyumba nyingine. Gongo ndiyo kabisa: sheria yetu ya mwaka 1966, inayoiita moshi, imefanya kuitengeneza bila leseni kuwa kosa. Mgonjwa akiulizwa na mhudumu wa serikali kama anakunywa gongo, anasikia swali la polisi. Atajibu "hapana, daktari" kwa heshima zote. Swali la pili ni zito zaidi, lile la kama amewahi kufikiria kujiua, maana kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinalifanya jaribio la kujiua kuwa kosa. Nchini Kenya, Mahakama Kuu iliamua Januari 2025 kwamba kifungu chao cha namna hiyo kinapingana na Katiba. Kwetu mtu aliye hatarini bado ana sababu ya kunyamaza, na huenda nyumbani ana pakiti ya amitriptilini ya mwezi mzima.

Wapo watakaosema kuzungumza hivi ni kulegeza onyo na kumfungulia mlevi mlango. Nawaelewa. Lakini hata amri ya "acha leo" ina hatari yake. Mtu aliyekunywa gongo kila siku kwa miaka, akikatisha ghafla, anaweza kupata degedege na kuweweseka ndani ya siku mbili tatu, na wapo wanaokufa. Huyo anahitaji kuachishwa chini ya uangalizi, katika hospitali kama Murgwanza au ya Biharamulo. Akiambiwa tu aache, kisha akarudi nyumbani peke yake, hapo hajasaidiwa.

Uangalizi wenyewe si kitu kigeni hapa. Januari 2025, homa ya Marburg ilipotangazwa Biharamulo, watu waliokutana na wagonjwa walitafutwa na kufuatiliwa kwa siku 21, na Machi 13 mlipuko ukatangazwa kumalizika. Najua sonona haiambukizi na haimleti mkuu wa Shirika la Afya Duniani Dodoma, kama Marburg ilivyomleta. Hata hivyo mhudumu wa afya wa kijiji aliyepita nyumba kwa nyumba akiuliza homa anaweza kupita mara moja katika wiki ya pili ya dawa na kuuliza mambo mawili: umeruka vidonge vingapi, na siku uliyoruka ulikuwa wapi? Swali la pili litamwambia habari za pombe bila kuitaja. Na kwa anayeonekana kukata tamaa, vidonge vitolewe vya wiki moja, shangazi au kaka akavishike.

Kilichobaki ni kibuyu chenyewe. Mgeni anayekataa rubisi kwenye mahari ametukana nyumba, isipokuwa akisema, "Niko kwenye dozi." Neno hilo linamwokoa wiki ya kwanza, maana kila mtu anajua dozi. Lakini dawa ya sonona huendelea miezi tisa au zaidi baada ya nafuu, na ikifika sherehe ya tatu mtu atauliza, "Dozi gani hiyo isiyoisha?" Katika mkoa huu, ambako wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mwaka 1983, swali hilo lina jibu ambalo hakuna anayetaka kulisubiri. Ananyoosha mkono, anapokea kibuyu.

Juisi ya ndizi ikishakamuliwa, kabla haijatiwa mtama, ni tamu na haina kilevi. Anayekamua anaweza kuweka kidogo pembeni, na shemeji anayeijua siri akamjazia mgonjwa kibuyu chake, chenye mrija kama vya wengine.