Swichi mnayo, mnatufungia sisi

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye foleni ya kulipa faini ya kuchelewa kusajili kozi, na hasira zake ndiyo nimekuja kuzimwaga hapa.

Kisa mnakijua. Jamaa mmoja wa hosteli alileta ruta yake ya nyumbani, akachomeka waya wa ukutani kwenye tundu lisilo lake, basi ile ruta ikaanza kugawa anwani za IP chuo kizima. Kompyuta za maktaba zikapokea anwani za uongo, maabara ikakata mtandao, hata kwa mhasibu kukagoma. Siku mbili! Na ya pili ndiyo ilikuwa mwisho wa usajili. Sasa limebandikwa tangazo: marufuku mwanafunzi kuchomeka chochote hosteli. Yaani asiye na hela ya bando ndiyo basi tena.

Mimi nasema huko ni kukwepa. Kwa nini ruta ya chumbani kwa mtu isikike mpaka kwa mhasibu? Kwa sababu chuo kizima kimewekwa kwenye ukumbi mmoja. Kompyuta ikipiga kelele "nani ananipa anwani?", kelele inafika kila tundu la swichi, na anayewahi kujibu ndiye anayesikilizwa.

Dawa yake ni VLAN, na siyo kitu cha jana: kiwango chake, 802.1Q, kilitoka mwaka 1998, wengi wetu hatujazaliwa. Swichi ile ile unaigawa kwa amri tu. Tundu hizi ni VLAN 10 ya ofisi, zile VLAN 20 ya maktaba, zilizobaki VLAN 30 ya hosteli. Kelele za 30 zinaishia 30. Waya wa swichi kwenda swichi ndiyo unabeba zote, kila fremu na lebo yake ya baiti 4 inayosema ni ya kundi gani. Kutoka kundi moja kwenda jingine lazima upite kwenye ruta ya chuo, na pale ndipo unapoweka sheria kwamba hosteli haiingii kwa mhasibu.

"Hakuna bajeti." Bajeti ya nini jamani? Swichi ya kabatini inakubali VLAN, fundi mmoja alinionyesha. Tundu zote 24 bado ziko VLAN 1, kama zilivyotoka kiwandani! Kinachotakiwa ni mtu mwenye nywila, daftari la kuandika waya upi unaenda wapi, na usiku mmoja. (Haya, mbili. Ukikosea ule waya wa kati, jengo zima linazima, na nadhani ndicho wanachoogopa.)

Sisemi intaneti itaongezeka kasi. Na hosteli tungeendelea kusumbuana wenyewe, mpaka swichi iambiwe ikatae majibu ya anwani yanayotoka kwenye tundu la mwanafunzi. Lakini usajili ungeendelea, nami nisingelipa faini.

Risiti ninayo. Barua ya kudai hela nimeshaandika, CR wetu kakubali kuipeleka Jumatano. Mwenye risiti kama yangu anitafute kabla ya hapo, nipo chumba kile kile.