Tusiwalaumu wapiga mbizi

Tangu boti kutoka Minova ilipozama karibu na Kituku, tarehe 3 mwezi wa 10 mwaka 2024, swali ni moja: kwa nini wapiga mbizi hawatuletei maiti zetu?

Kwenye mita 30, hewa wanayovuta ni nzito mara 4. Chupa ambayo juu ingetosha saa 1, huko chini inaisha kwa dakika 15. Tena akivuta mzigo kwa nguvu, anahema mbio, hewa chafu inajaa mwilini, kichwa kinauma, hofu inamshika. Lazima afanye pole pole, apumzike. Na Ziwa Kivu, sehemu zingine, linapita mita 400.

Tudai jaketi za kuokoa maisha, na boti zisijazwe kupita kiasi. Uokoaji unaanzia bandarini.